Fitri ya Akida

Msomaji uliyenikosa juma lililopita, haya ndiyo uliyoyakosa. Mume wangu Akida, mpima pamba wa hapa Shinyanga, aliachishwa kazi baada ya ghala alilokuwa akilihudumia kuungua. Akaenda Bulyanhulu kuchimba dhahabu. Mvua za mwisho za masika zikaliporomosha duara, maana ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na waliokuwemo wakafukiwa. Waliopatikana walizikwa. Waliobaki chini ya kifusi waliswaliwa swala ya ghaibu. Kaka yake, Zamoyoni, alinijia na shati la Akida mkononi, akaniambia nikae eda.

Nilikataa. Nilimwuliza ni nani aliyemwona Akida akishuka shimoni siku ile. Hakuna. Nilimwuliza shati limekutwa wapi. Kambini, juu ya kamba.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Shati lililoanikwa halithibitishi kwamba mtu amekufa. Linathibitisha kwamba lilifuliwa.

Jibu hilo liliniponza. Wanangu, Zuwena na Abdu, walikuwa wamekwenda Kahama kwa baba yao mkubwa, Zamoyoni, kufunga Ramadhani wakati wa likizo. Likizo ikaisha, wao hawakurudi. Kilichorudi ni ujumbe: siku Mwahija atakapovaa nyeupe kama mjane mwenye adabu, watoto watapanda gari.

Nyumba tunayokaa ni ya baba yao Zamoyoni na Akida. Niliamini shemeji yangu anaitaka, na kifo cha mdogo wake ndio ufunguo. Niliamini hivyo mpaka siku ya Idi.

Jioni ya kuandama mwezi nilikuwa uani napima mchele. Jirani yangu Scolastika, mama yake Masele, akaingia na kibuyu cha maziwa bila kupiga hodi, kama kawaida yake.

"Mwalimu, mwezi wenu umeshapatikana?"

"Bado, Mama Masele."

"Sisi Krismasi yetu iko ukutani, kwenye kalenda. Ninyi mpaka mwende kuitafuta angani! Wingu likipita, mnashinda njaa siku nyingine."

"Leo hakuna wingu."

"Basi ni macho yenu mabovu. Mngemtuma Msukuma aliyezoea kutafuta ng'ombe, angeshauleta mpaka mlangoni."

Nilicheka. Alijua anachokifanya. Tangu watoto waondoke alinijia kila jioni na utani mmoja, akihakikisha nimefungua mdomo kwa kitu kingine zaidi ya maji.

Akaviona vifurushi viwili vya mchele juu ya ungo.

"Hivi vya nani?"

"Ni fitri. Kila Mwislamu aliye hai Ramadhani inapokwisha hutolewa pishi moja ya chakula, masikini wapate kula siku ya Idi. Lazima ifike kabla ya swala. Ikichelewa inakuwa sadaka tu."

"Hiki chako. Na hiki?"

"Cha Akida."

Scolastika aliweka kibuyu chini. "Na aliyekufa, naye hutolewa?"

"Aliyekufa hana fitri."

Kisha akachuchumaa, akakisogeza kile kifurushi cha pili mbele yangu.

"Basi pima vizuri, mama," alisema. "Shindilia."

Asubuhi ya Idi, takbira zikisikika kutoka msikitini, nilisimama kwenye mstari wa wanawake nyumbani kwa Maalim Mihayo. Maalim ni Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa maneno machache. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, magunia mawili mbele yake.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, Mwalimu. Ya nani?"

"Yangu." Akaipokea. "Na nilitaka kuwatolea wanangu, lakini mchele umeniishia. Nitaleta sasa hivi, nikikopa."

"Wanao wako wapi?"

"Kwa Zamoyoni."

"Nani anayewalisha?"

"Zamoyoni."

"Basi usikope. Fitri ya mtoto humfuata anayemlisha. Iko shingoni mwa Zamoyoni, si mwako."

Alisema kwa wema, lakini nilihisi mtu amenipokonya kitu. Nilikuwa nimezuiwa kuwaogesha, kuwavika na kuwapikia wanangu sikukuu. Sasa hata pishi ya mchele sikuwa na haki ya kuwatolea.

Nikaweka kifurushi cha pili. "Hii ya Akida."

Wanawake nyuma yangu walisogea karibu.

"Nimesikia ameswaliwa," alisema Maalim.

"Ameswaliwa kwa habari ya kifo, Maalim. Si kwa kifo. Wewe ndiye uliyemfundisha Akida kwamba yakini haiondolewi na shaka. Yakini ni kwamba aliondoka hapa mzima. Yaliyobaki ni shaka. Hata kwenye hesabu, kitu kisichojulikana hakiandikwi sifuri."

"Mtu mzima hatolewi fitri bila idhini yake."

"Alinipa kwa kinywa chake, akiwa na mguu mmoja ndani ya lori. Alisema, Idi ikinikuta huko nitolee, nisije nikasahau."

Maalim alilitazama gunia, akanitazama mimi, akaufungua mdomo wa gunia. Mchele wa Akida ukaingia.

Nyuma yangu mwanamke mmoja akanong'ona kwa sauti ya kutaka nisikie: "Mwenzetu anamlisha mzimu."

Nilirudi nyumbani nikapika sikukuu. Msinione kichaa. Mchele wa Didia alinikopesha Scolastika, nyama nilipewa na wazazi wa wanafunzi wangu, na sukari, ambayo mwaka ule ilipatikana kwa foleni na kwa bahati, ilitosha sahani moja ya tambi. Gauni la Zuwena nilikuwa nimelikata kutoka khanga yangu ya harusi. Kaptula ya Abdu niliipunguza kutoka suruali ya baba yake. Nikazitundika zote mbili kwenye msumari wa sebuleni, zikakaa pale kama wageni wasiokaribishwa kiti.

Watoto wa mtaani wakaja mlangoni. "Mama Zuwena, Idi yetu!" Nikawagawia tambi kwa kijiko. Mmoja, rafiki yake Abdu, akauliza Abdu yuko wapi. Nikamwambia anakuja.

Aliyekuja ni Zamoyoni.

Aliingia na mke wake Mwaisha, Maalim Mihayo, na wanawake kadhaa wa mtaani waliokwenda moja kwa moja uani na kukaa kwenye mikeka kama watu wanaosubiri kazi. Mkononi Zamoyoni alikuwa na furushi.

"Shikamoo, shemeji," nikasema. "Idi njema."

"Idi gani? Nimetoka kuswali, watu wananiambia umemtolea ndugu yangu fitri. Umemtolea maiti fitri, Mwahija! Mbele ya mji mzima!"

"Nimemtolea mtu asiyejulikana alipo."

"Fitri haitolewi kwa maiti. Mwulize Maalim huyu hapa. Ule ulioutoa ni mchele wa kulishia kuku!"

"Ukitolewa kwa maiti, kweli si fitri," alisema Maalim. "Lakini mimi nimeupokea kwa aliye hai mpaka ithibitike."

"Imethibitika! Nimemzika baba, nimemzika mama. Huyu mwanamke ananinyima hata kumzika mdogo wangu." Akafungua furushi. Shuka mbili za bafta, nyeupe kama chaki.

Wakati ule bafta haikuwapo hata ya sanda. Watu walizikwa na mashuka yao ya kitandani.

"Umeipata wapi, shemeji?"

"Riziki haiulizwi njia iliyopita. Sikiliza. Watoto sikuwaacha Kahama. Nimewapitisha Didia, wako kwa mama yake Mwaisha. Vaa hizi leo, kaa eda, watu wakuone. Jioni Zuwena na Abdu watalala humu ndani. Ukikataa, alasiri napanda lori la pamba, nawachukua, na Zuwena nitamwandikisha shule ya kule kule."

Didia! Wanangu walikuwa karibu kiasi hicho, nami nilikuwa nikigawa tambi zao.

"Na Abdu ana homa," akaongeza. "Tangu juzi. Anakuita."

Nilimtazama Mwaisha. Mwaisha hajui kusema uongo. Uso wake hauna mahali pa kuuficha. Aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli.

Nilijaribu kupima: upande huu haki ya mtu ambaye huenda yu hai, upande huu homa ya mtoto ambaye hakika yu hai. Mizani haikuchukua muda.

"Leta," nikasema.

Maalim akanyanyua kichwa. "Mwalimu, hulazimishwi."

"Nalazimishwa, Maalim. Lakini leta."

Chumbani, Mwaisha alinifunga shuka ya kwanza. Lazima nimweleze kidogo. Kabla ya kuolewa aliitwa Limi, binti wa wakulima wa Didia. Alisilimu mwaka mmoja tu uliopita. Alijua kutawadha na kuswali, lakini mengi ya dini bado aliyaokota njiani kwa kutazama wenzake wanafanya nini.

"Alaa! Imekutosha!" alisema, akirudi nyuma kunitazama. "Nilijua itakuishia magotini kama sare ya shule."

Na mimi nilishangaa. Mimi ni mrefu. Nguo za dukani hunipungukia, na Akida alizoea kunitania kwamba ameoa mlingoti wa bendera. Shuka ile ilinifika kwenye vifundo vya miguu, na upindo wake ulikuwa umeshonwa kwa mkono.

"Nani ameipinda hii?"

"Imekuja hivyo hivyo na mume wangu. Mimi hata sindano sijagusa." Akaanza kunifungua nywele. Kisha akanivua herini ya kushoto, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto aliyelala. "Usimchukie, dada yangu. Hujamwona anavyolia. Anampenda ndugu yake kupita kiasi."

"Nimeona anavyompenda."

"Wallahi nakwambia. Juzi tulipima fitri, maana tuliitoa mapema kwa ajili ya safari. Akataja mmoja mmoja: hii yangu, hii ya Mwaisha, hii ya Zuwena, hii ya Abdu. Nikadhani amemaliza. Akapima nyingine, akasema, 'Na hii ya Akida.' Machozi yakamdondoka ndani ya mchele. Nikasema moyoni, mume wangu huyu hata marehemu hamsahau!"

Mkono wake ulikuwa umefika kwenye herini ya kulia. Niliushika.

"Mwaisha. Alisema fitri au alisema sadaka?"

"Fitri. Si ndiyo ile ya pishi? Yote iliingia gunia moja, akampelekea sheikh wa kule."

"Na jina la Akida ulilisikia?"

"Kwa masikio yangu haya mawili. Kwani vibaya?"

Hakujua. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ananifariji kwa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Lakini Zamoyoni alijua. Kwa midomo yake mwenyewe, muda mfupi uliopita, alikuwa amesema maiti hana fitri. Mtu anaweza kumdanganya mke wa ndugu yake, akamdanganya sheikh na mji wote. Lakini saumu, wazee wetu wanasema, huning'inia kati ya mbingu na ardhi mpaka fitri itolewe. Zamoyoni hakuthubutu kuiacha saumu ya mdogo wake ikining'inia. Alisema uongo kwetu sote, halafu akaenda kwa Mungu na pishi ya kweli.

Na kama Akida yuko kwenye fitri ya Zamoyoni, basi Zamoyoni ndiye anayemlisha.

Nilitoka chumbani na shuka moja mwilini, shuka nyingine mkononi, herini moja sikioni. Wanawake uani waliponiona wakaanza: "Yoo, mama yoo!"

"Nyamazeni!"

Wakanyamaza kama darasa.

"Shemeji," nikasema, "hebu rudia. Fitri ya maiti ni nini?"

"Nimeshasema. Mchele wa kuku."

"Basi juzi, kule Kahama, umewalisha kuku wa nani?"

Hakunitazama mimi. Alimtazama Mwaisha, aliyekuwa mlangoni, kiganja mdomoni. Nimefundisha muda mrefu. Nautambua uso wa mtu aliyefikiwa na swali aliloomba lisiulizwe.

Maalim Mihayo aliinuka. "Zamoyoni. Umemtolea Akida fitri?"

Zamoyoni aligeukia mlango wa barabarani, lakini Maalim hakumwachia.

"Leo ni Idi. Kinywa chako bado kina takbira. Umemtolea?"

"Nimemtolea."

"Kwa hiyo?"

Zamoyoni alikaa chini, si kwenye kiti, bali sakafuni, chini ya gauni la Zuwena. "Yu hai," alisema.

Kutoka jikoni Scolastika, aliyekuwa akinilindia pilau, alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi stesheni. "Shindilia, nilikwambia! Si nilikwambia shindilia?"

"Mwambieni anyamaze!" Zamoyoni aliinua mikono yote miwili. "Kwa jina la Mungu, mwambieni anyamaze. Mnamwua."

Kigelegele kikakatika.

"Lile ghala la pamba halikuungua kwa bahati mbaya," alisema, na sasa maneno yalimtoka haraka. "Wakubwa wa ghala walikuwa wameuza pamba, wakachoma moto kuficha pengo. Akida aliwaona. Ndiyo maana alikimbilia machimboni, si kwa ajili ya dhahabu. Wakamfuata hadi kule. Duara lilipoporomoka akaona Mungu amempa mlango: akaacha shati lake kambini, akaondoka usiku ule. Maiti hafuatwi na mtu, Mwahija. Lakini nani ataamini amekufa, ikiwa mkewe anatembea mjini na herini, anamtolea fitri hadharani?"

Nilikuwa nimeulilia uhakika tangu masika. Huu hapa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiutangaza barabarani kwa kilo za mchele.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alikataa. Alisema, Mwahija hajui kuigiza. Akiambiwa ukweli atausema. Bora alie kweli." Akanionyesha shuka kwa kidole. "Hiyo uliyoivaa ameinunua yeye. Ameipinda yeye, kwa kipimo alichokikumbuka. Akaniambia, 'Mvike kabla hawajafika kwake.' Juzi watu hao walikuja dukani kwangu wakauliza nyumba yake iko wapi. Unadhani kwa nini nimekuja kuharibu Idi yako? Kwa nini watoto nimewaficha Didia?"

Niligusa upindo. Mishono ilikuwa mirefu na imekwenda upande, kama ya mwanamume aliyeshona kwenye giza. Angeniuliza, ningemwambia anaweza kuniamini. Hakuniuliza. Sijui hadi leo kama alikuwa amenidhulumu au amenijua.

Nje, gari lilisimama. Si lori la pamba. Injini yake ilikuwa ndogo. Milango miwili ikafungwa, mmoja baada ya mwingine.

"Hodi wenyewe!" Sauti ya mtu mzima, ya upole. "Hapa ndipo kwa Akida mpima pamba?"

Hakuna aliyeitika. Maalim alikuwa ananitazama. Zamoyoni alikuwa ananitazama. Uani wanawake wote, pamoja na yule aliyesema ninamlisha mzimu, walikuwa wamenikazia macho, na kila mmoja wao alikuwa ameshasikia kila kitu.

"Hodi!"

Niliivua herini ya pili, nikampa Mwaisha. Nikaichukua shuka iliyobaki, nikajifunika kichwa. Kisha nikawageukia wanawake.

"Lieni," nikawaambia.